Kombo, Bule

Mwalimu Nandonde aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa,
likaanzia dirishani likaishia mlangoni,
chaki ikamkatikia mara mbili njiani.
Diskombobuleti.
Kidato cha pili B tulicheka mpaka Mchopa akadondoka dawatini.
"Ni kitenzi," akasema, "tena kitenzi elekezi.
Lazima awepo mtenda, na awepo wa kutendwa."
Maana yake? Kumchanganya mtu,
kumkoroga akili kama uji,
hadi akuulize wewe yeye anaitwa nani.
Mtunge sentensi. Jumatatu.

Nikalibeba kutoka Newala mjini pamoja na ndoo ya maji,
silabi moja kila hatua kumi,
nisije nikalimwaga.

Bibi Somoe alikuwa uani, ananyofoa korosho kwenye mabibo,
mikono inanata hadi viwikoni.
Nikamtamkia. Akanyamaza.
"Rudia."
Nikarudia.
"Kombo nalijua," akasema. "Bule nalijua pia,
miaka yote hii nauza korosho kwa bule.
Hiyo disi ya mbele na hiyo ti ya nyuma
ni koti na viatu tu. Kizungu hakitoki nyumbani uchi."
Akanyofoa nyingine, akairusha kwenye ungo.
"Kumpinda mtu bule. Si ndiyo?"

Mwalimu alikuwa na kamusi nene, jalada limeshikwa na gundi.
Nililifungua baadaye. Halikumfikia.

Alhamisi tukaenda ghalani,
magunia mawili juu ya baiskeli ya jirani.
Karani Mtalika alikuwa na kalamu tatu mfukoni, inayoandika moja.
Akaanza kusoma makato:
ya chama kikuu, ya chama cha msingi,
ya gunia, ya kamba ya gunia,
ya mlinzi, ya usafiri, ya unyaufu
maana korosho, mama, ikilala inakonda,
ya kikao kilichojadili huo unyaufu,
na asilimia ya jumla ya hizo asilimia.
Niliona macho ya watu kwenye foleni yanafifia moja moja
kama koroboi zinazoishiwa mafuta.
Mzee Chilumba alikwisha chovya dole gumba kwenye wino.

Ndipo bibi yangu,
ndala mguu huu nyekundu, mguu huu buluu,
asiyejua Kizungu hata cha kuombea chumvi,
akainua kidole chenye utomvu.
"Karani. Unanidiskombobuleti."

Hata mizani nadhani iliacha kucheza.
Mtalika akachomoa kalamu, isiyoandika.
Sijui alidhani ni kifungu cha sheria,
au ofisi mpya Mtwara inayokagua vitabu,
au ugonjwa.
Akauliza taratibu: "Kwa... kiasi gani, mama?"
"Wewe ndiye mwenye daftari."

Akalirudia daftari. Akajumlisha kwa midomo,
akafuta, akajumlisha tena,
jasho likateremka likaingia kwenye tai,
na kilo kumi na tisa zikaibuka
mahali ambapo dakika tano nyuma
hapakuwa na kilo.
Mzee Chilumba akafuta dole lake kwenye suruali,
akaomba naye asomewe upya.

Njia nzima Bibi hakusema kitu.
Kwenye mteremko, ameshika tandiko la baiskeli,
akacheka peke yake mpaka tukasimama.
"Mwambie mwalimu wako, neno lake linapima."

Jumatatu niliandika:
Bibi yangu alimdiskombobuleti karani.
Mwalimu Nandonde akanipa nusu alama.
Pembeni, kwa wino mwekundu:
Nani kamtenda nani? Fikiri tena.

Nimefikiri. Bado nafikiri.
Siku ile nilirudi na daftari nikamsomea Bibi,
nikamwonyesha ile nusu, ilivyochorwa kwa mkwaju mmoja.
Akaitazama sana.
Akauliza nusu nyingine wameikata ya nini,
ya gunia,
au ya kamba.