Herufi Tano

Bei yangu ni mia na themanini kwa herufi.
Nukta bure.
Jumanne akaja dukani Kibokoni Mwanate wa Shekue,
eda imekwisha juzi,
na karatasi ya daftari: jina la mume,
miaka miwili, na chini, peke yake,
ALELE.

Mukhwana, msaidizi wangu kutoka Bungoma,
aliyepita Kiswahili kwa alama za kutangaziwa,
akashika penseli.
"Mama, hapa umeruka 'me'. Ni AMELALA."
Mwanate akamtazama
kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

"Sikuruka. Haijawahi kuwapo.
Mtoto asimeme mlangoni,
bibi harusi avete,
mume wangu alele.
Tendo limepita, hali ingaliko.
Kitenzi kimejikunja mkia chenyewe,
hakikuomba cha kuazima."

Nikaweka tindo chini.
Hilo "me" najua lilikotoka.
Lilikuwa neno zima, lenye miguu yake: kumala,
kufika mwisho wa jambo.
Likatangulia vitenzi vingine, likasema "mele",
na ulimi, mvivu kama paka wa Marikiti,
ukalitafuna hadi likabaki
mfupa mdogo uliokwama
katikati ya amekula, amekwenda, amekufa.
"Maliza" ni mwanawe, twamwita kila siku.
Mama mtu hatumtaji.

"Kwetu yu hai," akasema Mukhwana polepole.
"Khumala. Kukhu hulisema akiosha sufuria."

Tukanyamaza watatu.
Nje kuna mtu alikuwa akipiga teke pikipiki isiyowaka,
teke, teke,
kisha akaisukuma.

Mwanate akahesabu kwa vidole:
herufi tano, mia tisa.
Saba, elfu moja mia mbili na sitini.
"Pesa ninazo, msidhani.
Ila hilo lenu lina mwisho tumboni.
Arubaini na mmoja miaka nimelala ubavuni pake,
na mabishano yetu ya lile dirisha,
lifungwe au liachwe wazi,
hatujayamala."

Alilisema hivyo hivyo, hatujayamala,
wala hakujua amelisema.

Jiwe lilikwenda Sarigoi Ijumaa.
A ya kwanza alichonga Mukhwana,
ikaegemea upande kidogo,
kama mtu aliyegeukia ukuta.
Tukaiacha.