Lita Moja Kasoro

Barua ya mwenye nyumba ilikuwa fupi kama kikohozi:
kuanzia Jumatatu gesi inakatwa, jengo zima.
Basi birika langu la bati, la mluzi,
miaka thelathini na mbili juu ya moto wa buluu,
likastaafu Jumapili usiku, saa nne kasorobo,
baada ya chai ya mwisho.

Jikoni kwangu, hapa Dundee, ghorofa ya tatu,
nikinyoosha mikono nagusa kuta mbili,
na kiwiko hakina budi kuliomba radhi friji.
Juu ya kaunta pana nafasi ya ubao wa mkate,
au ya birika, au ya kiburi.
Nikapima kwa futi kamba: sentimita kumi na tisa.
Nikaandika nyuma ya bahasha
(nilichambua barua posta miaka ishirini na sita;
bahasha hazijaniisha,
na kifundo cha mkono wa kulia hakijanisamehe).

Dukani yamejipanga kama waalikwa wa harusi.
Jekundu lenye shingo ndefu, lenye madaha,
lisingepita chini ya kabati hata kwa kuinama.
La kioo, lenye taa ndani:
nani ana haja ya kuyatazama maji yakikasirika?
La chuma nikalinyanyua likiwa tupu;
kifundo kikasema hapana kabla yangu.
La plastiki, bei ya kutupa,
likinuka kandambili mpya.
Na wati elfu tatu, baba, kwa nyaya zangu zile?
Washa hita, washa birika,
kisha utafute mshumaa.

Kijana wa duka, kifuani ameandikwa Struan,
masikio mekundu kwa baridi ya mlangoni,
akauliza: "La watu wangapi?"

Ni swali la lita tu, najua.
Nikaitazama rafu kama kwamba jibu limebandikwa bei.
"Mmoja," nikasema.
Kisha, sijui kwa nini: "Na mgeni."

Akaniletea jeupe, lita moja kasoro,
mfuniko wa kufungua kwa kidole gumba,
ubavuni kijidirisha chenye alama:
kikombe, viwili, vitatu, basi.
"Na hili halipigi kelele," akasema.

Hapo ndipo nilipofungua mkoba.
Maana nyuma ya ukuta wangu analala Fearghas Petrie,
mwoka mikate, mchana wake ni usiku wetu,
na ukuta wenyewe ni mwembamba, nasikia akijigeuza.
Miaka sita nimelikimbilia lile la mluzi
kabla halijapaza sauti,
na miaka sita nimechelewa.

Wiki ya kwanza maji yalichemka
kama mtu anayesali moyoni. Kisha: tak.
Nikajiona muungwana.

Siku ya tisa akabisha hodi,
unga kwenye nyusi, viatu havijafungwa kamba.
"Ishbel, u mzima?"
"Mzima. Kwani?"
"Mluzi wako. Ndio huniamsha.
Nimechelewa kazini mara tatu. Halafu nikadhani..."
Hakumaliza. Akaangalia kamba za viatu.

Nilicheka hadi nikashika fremu ya mlango.
Nikajaza maji hadi alama ya pili.
Jikoni hapatoshi wawili;
alinywea kizingitini, bega moja ukumbini,
akilisifu birika kwa adabu ya mtu
aliyetambulishwa kwa adui yake.

Siku hizi ikifika saa nne kasorobo,
tak,
nachukua kijiko, nagonga ukuta mara mbili.
Upande wa pili kitanda kinalalamika.
Asubuhi nakuta mkate mlangoni, bado vuguvugu,
na ubao wa kuukatia, sasa, naweka magotini.

Lile la bati linazuia mlango usijibamize.
Struan alisema ninaweza kulirudisha hili jipya
ndani ya siku ishirini na nane.
Leo ni ya thelathini na moja.