Jibu kwa Abiria wa Chumba Namba Saba

Kwenye daftari la maoni, lile lililofungwa kwa kamba
katika nguzo ya mkahawa wa meli,
kati ya malalamiko ya choo na sifa za nahodha,
Mwalimu Mihayo wa Tabora, mstaafu,
ameandika kwa wino mwekundu:

    Niliagiza melini, mbavu mbili za kuchoma,
    Nikaletewa sahani, ndani yake soli nzima,
    Meno yangu ya zamani, mawili yamenihama,
    Mpishi, kwa yako dini, ulichochoma ni nyama?

Mwalimu, mimi vina na mizani siviwezi.
Darasani nilikaa nyuma, karibu na dirisha,
na dirisha lilitazama machinjioni.
Nakujibu kavukavu, kama mbavu zangu.

Ilikuwa nyama. Naapa kwa dini yangu
na kwa dini ya mama, maana ni mbili tofauti.
Ng'ombe alitoka Kasulu kwa miguu yake,
akachinjwa Jumatatu, tung'oe nanga Jumatano.
Unaikumbuka Jumatano? Injini ilikohoa,
fundi akashuka na tochi, akapanda bila neno,
tukaiacha Kigoma Ijumaa usiku.
Siku zote hizo ng'ombe wangu kalala kwenye barafu,
na barafu, mwalimu, haiilazi nyama.
Inaisahaulisha.

Halafu moto.
Hilo neno "choma" nimelikuta kwenye karatasi ya bei.
Mkaa humu ni marufuku: chini yetu mapipa ya dizeli,
ubavuni magunia ya dagaa waliokauka kama magazeti.
Nina jiko la umeme la koili nne.
Mbili zinawaka. Ya tatu huwaka
meli ikilalia upande wa Kongo.
Pale nyama haichomwi, inahojiwa,
na ikikataa kusema naichora mistari myeusi
kwa chuma cha moto, mdhani imepita wavuni.

Mistari ile ni uongo.
Wewe uliyesahihisha madaftari miaka thelathini
hukuitilia alama ya kosa,
na hilo ndilo lililoninyima usingizi,
si soli.

Ningeweza kukupa migebuka.
Pale Lagosa, saa nane za usiku, mitumbwi ilitugonga ubavuni,
wakapandishwa wangali wakipiga mikia.
Lakini aliyelipia daraja la kwanza
hataki mlo uliomtazama. Anataka mbavu,
anataka kisu na uma, na kitambaa cheupe
chenye doa la abiria aliyemtangulia.

Nina pacha, Butoyi. Mimi ndiye Bukuru:
nilitangulia kutoka, nikawahi kila kitu
isipokuwa moto. Moto aliuchukua yeye.
Anachoma Kibirizi, nyuma ya wauza nyavu.
Mbuzi wa asubuhi, mkaa wa mtundu,
chumvi ya Uvinza anaisaga kwa chupa ya soda,
mawese anayapaka kwa unyoya wa kuku.
Hatazami saa. Anainamisha sikio:
mafuta yakipiga kelele, anayaacha;
yakianza kunong'ona, anageuza.
Mara moja tu. Ukimwomba ageuze tena
atakuuliza kama na wewe ulizaliwa mara mbili.

Tukirudi Kigoma, usikimbilie treni.
Nenda. Sema umetumwa na Bukuru.
Atanicheka kwanza, kisha atakukatia
paja, lile la ndani, linaloachia mfupa
kwa hiari yake. Kula umesimama.
Usimwambie kuhusu mistari.

Meno yako nimeyatafuta.
Moja nimelipata chini ya meza ya nne,
nimelifunga kwenye karatasi, liko kwa karani wa meli,
utasaini ndipo upewe.
La pili nadhani ulilimeza.
Kama lilikuwa laini kuliko mbavu,
samahani tena.