Bei ya Penseli

Duka la Gunnvor halina kibao.
Lina kengele moja, iliyotoka shingoni mwa kondoo,
nayo hulia hata ukisukuma mlango
kwa adabu ya mwizi.

Miaka kumi na mmoja nimepita hapo
nikienda kazini, nikirudi,
na majira matatu ya baridi nimesimama kiooni
nikijidai natazama kofia imekaaje,
na nyuma ya sura yangu, koti.
La njano.
Si njano ya kutu, si ya haradali.
Njano ya kiini cha yai
la kuku aliyelishwa akashiba.

Mji wetu una mtaa mmoja na nusu;
nusu ya pili ilinyimwa na mwamba.
Novemba jua huchungulia saa nne,
hujamaliza kahawa, limeshaaga.
Tunavaa rangi ya jiwe: kijivu, nyeusi, buluu ya usiku,
tusije tukaonekana tunajiona.
Mtu akinunua pazia jipya
kila nyumba inajua, na hakuna asemaye.
Kutosema ndiko kusema kwetu.

Leo theluji imechelewa, mvua imeshika zamu yake.
Nikaingia. Najikinga tu, niliuambia moyo.
Gunnvor hakuinuka.
Alikuwa na pini tatu mdomoni,
suruali ya kasisi magotini, anaikunja upindo.
Alinisalimu kwa nyusi.

Harufu ya sufu, ya pasi,
ya kahawa iliyosahauliwa jikoni.
Nguo ishirini na mbili, nilizihesabu,
kila moja kwenye kijiti chake cha msonobari.
Hakuna iliyo na pacha.

Husemwa kizuri chajiuza.
Basi hili, mbona halijajiuza?
Nikageuza kikaratasi cha bei.
Penseli.
Chini ya tarakimu, kovu la tarakimu nyingine,
na chini ya kovu, kovu,
kama ubao wa darasa uliofutwa na mtoto mvivu.
Krona elfu nne. Elfu tatu na mia mbili.
Elfu mbili na kidogo.

"Ya kwanza," akasema,
akitema pini mojamoja kiganjani,
"niliiandika ili lisinunuliwe.
Ya pili, bili ya umeme ilipofika.
Ya tatu, nilipoanza kukuona pale nje
unanyoosha kofia iliyonyooka."

Uso ukanipanda moto.
Mimi, muuza dawa wa mji huu,
nijuaye nani halali bila kidonge
na nani hununua mafuta ya mgongo wa mtu mwingine,
sikujua kwamba nami
nina anayenisoma.

Nikalivaa.
Mkono wa kushoto ulizidi kwa vidole viwili.
"Huo niliukata usiku wa habari mbaya," akasema.
"Niupunguze?"
Sikuuliza habari gani. Nikasema, uache.

Akachukua kifutio, akaifuta bei ya tatu,
akapuliza vumbi lake.
"Taja."
Nikataja ya kwanza.
Akacheka puani. Akashusha. Nikapandisha.
Tukabishana kinyumenyume, muuzaji akivuta chini,
mnunuzi akivuta juu, kwa sauti ya kunong'ona,
maana ukuta ule, upande wa pili, ni wa kinyozi.
Tulipokutania
sitasema.

Nje, mvua ileile.
Ottar wa posta akaniona akasimama ghafla,
baiskeli ikamwelemea pajani.
Akanitazama kuanzia kola hadi pindo,
akatafuta neno, akalikosa, akatafuta jingine.
"Hali ya hewa," akasema.
"Naam," nikasema. "Hali ya hewa."

Kesho saa tatu nafungua duka la dawa.
Foleni itakuwa ndefu kuliko kawaida,
na itajaa vikohozi
visivyotoka kifuani.