Kisahani cha Hina

Jokofu la Shangazi Mwanasha limejaa barafu za ukwaju,
vifuko vya shilingi kumi vilivyofungwa fundo.
Amenikatia kimoja. "Haya, nambie.
Huko Ulaya miaka minne, wagandisha nini?"

Si maji, shangazi. Toluini,
ile ya kuzimulia rangi, inayonuka kwa mafundi.
Naishusha katika baridi ambamo hata hewa huwa maji
mpaka iwe kioo. Humo hakuna kinachotikisika.
Molekuli mbili zinazotakana haziwezi kufuatana;
kila moja imeshikwa ilipo, kama tumbawe kwenye chokaa.
Kisha namulika mara moja, na elektroni
inatoka kwa huyu, inaonekana kwa yule.
Kati yao ukuta. Haikuuruka. Haikuutoboa.
Nguvu za kuupanda haina.

"Mbali kiasi gani?"

Molekuli tatu, nne. Kwake ni safari.
Na unene ukiongezeka kidogo tu
kungoja huzidi mara kumi, na tena mara kumi.

Shangazi anafyonza ukwaju. Mtoto anagonga mlango,
anauziwa, anaondoka.

"Mimi nalitoka Mtamwini hata Mkomani," asema,
"na unyayo wangu haukugusa ndia.
Nyumba sita. Wapita wikio hili, watokea ukumbi ule,
yuu kwa yuu, na kisahani cha hina ndani ya buibui."

Nyumba za nani?

"Za watu. Sikuketi hata moya.
Ukiketi waletewa kahawa, na ukinwa hufiki.
Lakini zisingekuwapo ningepita wapi?
Ile ya kina Shee Faraji ilipoanguka ikawa gofu,
ndia ya wanawake ikafa pale."

Kalamu sina. Naandika kwa kidole chenye ukwaju
juu ya sinia: *ombwe ni gumu kuliko toluini.*
Mwaka mzima nimeutafuta mfano huu
katika lugha isiyo na wikio.

Anachukua sinia, analifuta kwa kanga.
"Na huyo wako, akifika, mwajuaye,
na hamukumuona ndiani?"

Rangi hubadilika. Tunapima rangi.

Anacheka, ananigeuzia viganja,
vikavu sasa, havina kitu.
"Basi. Asubuhi bibi arusi ana mikono myekundu,
na wanaume barazani, wote, usiku kucha macho,
waulizana hina imepita wapi."