Kitovu Kwenye Soya ya Verlin

Walikuja wawili, Aprili, na gari jeupe la serikali,
wakatega vyombo vyao vya miguu mitatu kwenye tope la Missouri,
wakamwambia Verlin Stockdale: hongera, mzee,
kitovu cha nchi kimeangukia shambani kwako.

Hesabu yao ni hii:
litandaze taifa lote kama sinia,
kila mtu mpe uzito mmoja,
seneta na kitoto cha wiki mbili, sawasawa,
kisha tafuta mahali pa kuweka kidole
sinia lisilale upande.
Hapo ndipo.
Na kila miaka kumi panahama,
magharibi kidogo, kusini kidogo,
kama mtu anayejisogeza kwenye benchi bila kuomba radhi.

Verlin hakulitaka jiwe lao.
Alisema, serikali ikikupa jiwe bure
kesho itakuletea ankara ya kivuli chake.
Dada yake Oleta, ng'ambo ya barabara,
muuguzi wa miaka thelathini na mmoja
katika zahanati ambayo sasa ni stoo ya matairi,
akasema liwekeni, liwekeni,
angalau kimoja kije huku badala ya kuondoka.

"Nani anahitaji Washington kujua alipo?"
"Na hundi ya ukame, mwaka juzi, uliirudisha?"
"Ile ilikuwa kodi yangu inarudi nyumbani."
"Na mashine ya figo ya Bernice Pruitt?
Hiyo nayo ilipotea njia?"
Verlin akatazama ghala lake
kana kwamba ghala ndilo lililoulizwa.

Mimi ndiye ninayewapelekea barua.
Oktoba mkoba unaniumiza bega:
vipeperushi vyekundu, vipeperushi vya buluu,
wino unanuka vilevile.
Kila mmoja ninamtilia vyote viwili,
sheria ndivyo inavyotaka,
na kila mmoja hunirudishia kimoja
kwa ncha za vidole, kama panya.

Siku ya kulizindua jiwe walikuja wa vyama vyote.
Mmoja akasema: mnaona, kitovu kimetufuata.
Mwingine akasema: hakijatoka mahali pake,
ninyi ndio mliokimbia.
Wakapiga makofi nusu nusu.
Bendi ya shule ikakosea wimbo,
na hilo tu ndilo tulilokubaliana wote.

Wakaondoka. Soya ikaota.
Verlin akalima akilizunguka jiwe,
mistari iliyonyooka tangu enzi za baba yake
ikapata kigosho.

Jioni moja nilisimama juu yake, nikavua kofia,
nikingoja kusikia nchi inavyopumzika chini ya nyayo.
Upepo tu. Mbwa mahali fulani.
Hakuna anayeishi hapo.
Nyumba ya karibu ni ya Verlin,
na hata kutoka kwake
ni mwendo wa kuchafua viatu.

Februari Oleta alifungasha.
Moyo wake ulitaka daktari,
na daktari aliyebaki yuko maili sabini, Jumanne tu.
Akaenda kwa bintiye, Tucson, kwenye jua.
Kitovu chake mwenyewe kilizikwa hapa,
nyuma ya banda la kuku ambalo halipo tena.
Bango lake la uchaguzi lilibaki kwenye theluji
likilitazama bango la Verlin.
Sikumwona akiling'oa. Sikumwona akilisimamisha
lilipoangushwa na upepo,
lakini asubuhi lilikuwa limesimama.

Machi akanisubiri kwenye sanduku la barua,
mikono mfukoni.
Akauliza, Tucson ni upande gani hasa.
Nikamwonyesha: kusini, magharibi.
Akauliza kama jiwe litakuwa limesogea.
Nikamwambia, Verlin, kwa mtu mmoja?
Katika mamilioni yote haya?
Haifiki hata unene wa unywele.

Akaitazama soya ya mwaka jana, mabua yaliyooza,
na kile kigosho.

"Basi limesogea," akasema,
akachukua barua zake zote, za rangi zote,
akaingia ndani.