Nane Iliyogeuka Tatu

Mimi ndimi niliyeandika.
Niseme hivyo kwanza, kabla watu wa Ndosho hawajasema.
Nilikaa kwenye dawati lenye mguu mmoja mfupi,
jiwe la volkeno chini ya mguu, karatasi ya pointi juu,
na biki ya bluu iliyokuwa ikikohoa tangu seti ya tatu.

Namba za jezi zetu hazikuchapwa.
Mama Kavira alizikata kwa mkasi wake wa vitenge,
utepe mweupe wa gundi, ule wa kufungia maboksi,
akabandika mgongo baada ya mgongo usiku wa kuamkia mechi.
Lakini jasho haliheshimu kazi ya mtu.
Seti ya tano, nane ya Nzigire ikabanduka upande wa kushoto,
vipande viwili vikadondokea vumbi jeusi,
nane ikawa tatu.

Nikatazama mgongo. Nikatazama karatasi.
Zamu ya tatu kuanzisha. Sawa, nikasema moyoni, endelea.
Tatu halisi, Masika, alikuwa mbele kabisa, chini ya wavu,
anafunga kamba ya kiatu.

Nzigire ana mkono wa kusukuma chukudu yenye magunia sita.
Tisa. Kumi. Kumi na moja.
Kumi na mbili kwa kumi, na Ndosho yote ikasimama kwenye mawe.

Ndipo Asifiwe, nahodha wa Himbi,
bila kupiga kelele,
akachora duara hewani kwa kidole kimoja.

Wengine wakazipiga kwa niaba yake.
Wezi wa namba! Uko na macho gani, wewe?
Mtu akaingia uwanjani na mwavuli, sijui wa kumpiga nani.
Chokaa ya mistari ikatawanywa na viatu
hata ikawa vigumu kujua wapi ni ndani, wapi ni nje.

Mwamuzi Byamungu akashuka kutoka kwenye kreti zake mbili za bia,
kreti ya kwanza, kisha ya pili, kama mzee anayeshuka ngazi gizani.
Hakwenda kwenye kelele.
Alikuja kwangu.

"Tangu lini?"

Swali fupi. Kocha wetu akalijibu kabla sijameza mate:
"Mpira huu mmoja tu! Ile mitatu aliianzisha Masika!"
Nyuma ya kamba, kaka yangu Ombeni akanikazia macho,
macho ya nyumbani, ya sufuria moja.

Biki ya bluu ilikata roho kwenye nane.
Nzigire alikuwa ameushika mpira tayari, anaudundadunda,
nilipoinua mkono kuomba dakika,
nikaazima biki nyekundu kwa muuza yuniti.
Nane ni ya bluu.
Tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili: nyekundu.
Karatasi ilikuwa wazi pale, yeyote angeweza kuiona,
ila mimi peke yangu nilijua kuisoma.

Nikasema, "Tangu wino mwekundu."

Akawaita manahodha, akawaambia mara mbili,
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani:
pointi nne zinafutwa, nane kwa kumi na moja, Himbi waanzishe.
Kisha akainama tena kwenye dawati.
"Pale chini, pa maelezo, andika: mwamuzi naye hakuhesabu."
Nikaandika. Akatia sahihi. Mkono wake ulitetemeka kidogo,
au ni dawati, jiwe lilikuwa limeteleza.

Tulifungwa kumi na tano kwa kumi na tatu.
Hizo mbili za tofauti, niulizeni mimi zilivyo nzito.

Ombeni alitangulia kwenda nyumbani, hakunisaidia dawati.
Nililibeba kichwani hadi shuleni, miguu juu.
Masika ndiye aliyenifuata mbio,
na vipande viwili vya utepe kiganjani, vimejaa mchanga.
"Shika," akasema. "Ni vya nane."

Nimejaribu kuvibandika kwenye daftari.
Havishiki karatasi, havishiki nguo.
Vinashika kidole changu tu,
hiki chenye wino.